Kamba ya Advera

Mama Ngassa aliitaka bluu. Si bluu yoyote, bali ile ya kung'aa ambayo ukiivaa juani hata watu wa mtaa wa pili wanajua umefika. Mimi niliitaka damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea. Tulikuwa tumebishana kwa simu wiki nzima, yeye akiwa kwake Choma na mimi Kigwa ninakofundisha, na Jumamosi ile tukakutana uso kwa uso Tabora mjini, katika duka la Fundi Issa nyuma ya soko kuu. Zilikuwa zimebaki wiki sita nifunge ndoa na mwanawe.

Mwanawe mwenyewe, Ngassa wangu, alisimama katikati yetu na majora mawili begani, moja la kila rangi. Ni afisa mifugo. Amezoea kusimama katikati ya ng'ombe wanaosukumana, na siku ile alisimama vivyo hivyo, ametulia, anasubiri nani apite kwanza.

"Rangi haichaguliwi chini ya taa," Fundi Issa alisema. "Chini ya taa kila kitambaa ni kizuri. Hebu tokeni nje."

Tukatoka hadi barazani. Fundi Issa ni mzee wa kofia ya viua na miwani iliyofungwa kwa uzi mkono mmoja, na ameshona harusi za Tabora tangu kabla sijazaliwa. Alinitandazia ile bluu begani, akarudi nyuma hatua mbili, akaguna. Kisha akaweka damu ya mzee.

"Bwana harusi, macho yako yanasemaje?"

Ngassa aliniangalia. Aliniangalia muda mrefu kuliko kitambaa kilivyohitaji, na mimi nikajifanya naangalia baiskeli zinazopita. Tangu tujuane miaka mitatu iliyopita bado sijazoea jicho lake. Likinifikia huwa nasahau nilichokuwa nataka kusema.

"Hii," alisema. "Sijui jina lake. Hii inamfanya aonekane kama ametoka kucheka sasa hivi."

"Umeulizwa kitambaa," mama yake alisema, "hukuulizwa mchumba."

Fundi Issa akacheka, na mimi pia, na hata Mama Ngassa mdomo ulimcheza kidogo. Ni mwanamke mrefu, mnene kiasi, mwenyekiti wa akina mama wa parokia yao, na akifunga kilemba chake vizuri huwezi kumbishia. Ndiye aliyesisitiza tushone kwa Fundi Issa. Mafundi wapo wengi, na wengine vijana wenye picha nzuri kwenye simu zao, lakini yeye aliwakataa wote. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwa maneno matatu: Issa hana domo.

"Haya, iwe hiyo damu ya mzee," alisema. "Lakini mshono nachagua mimi. Wapambe wote sare, satini, wabane mpaka magotini halafu chini pafunguke kama mkia wa samaki. Nimeuona Nzega kwenye harusi ya binti wa mwinjilisti. Watu walisimama juu ya viti."

"Satini haifichi kitu, Mama Ngassa," fundi alisema taratibu. "Ukila wali mchana, satini itasema. Tuchukue krepu, inaanguka vizuri. Na wapambe hawana mwili mmoja. Mfupi ukimkata kiunoni unamfupisha mara mbili. Mwembamba mpe marinda apate umbo. Rangi ndiyo iwe sare, mishono kila mtu na wake."

"Na hao wenye miili wako wapi nikawaone?"

Tuliporudi ndani nikafungua mkoba, nikatoa mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na kamba tatu za katani.

Hapo naomba nieleze, kwa sababu hata Ngassa alizitazama zile kamba akadhani ni za kufungia mbuzi. Kwetu ni Ulyankulu. Wazazi wangu ni Warundi waliokuja huko wakiwa watoto, wakaoana huko, wakatuzaa huko. Machi ile barabara ilikuwa imejaa maji, na wapambe wangu watatu, yaani mdogo wangu Advera na mabinti wawili wa mjomba, walikuwa kwenye tumbaku. Hakuna ambaye angeweza kuja mjini kupimwa. Kwa hiyo mama yangu, Mama Rosalia, aliwapima kama bibi alivyowapima wanawe. Kila msichana ana kamba yake. Unaanzia mwisho mmoja, unazungusha kiunoni, unafunga fundo na kuliwekea uzi mwekundu. Unarudi mwanzo, unazungusha kifuani, unafunga fundo jingine. Kisha nyonga. Kamba yenyewe inakatwa kwenye urefu wa gauni. Mama alimpa dereva wa basi zile kamba, kila moja na jina lake kwenye kikaratasi.

Fundi Issa alifurahi. "Nilikuwa nikiletewa hizi zamani kutoka vijijini," alisema. "Siku hizi watu wanatuma picha tu." Akaketi, akanyoosha kamba ya kwanza juu ya futi yake na kuandika. Akanyoosha ya pili, akaandika. Akachukua ya tatu, ya Advera.

Aliinyoosha mara moja. Akairudia. Kisha akaikunja polepole, akaitia mfukoni mwa shati lake.

"Huyu nitampima mwenyewe akija," alisema, na kalamu akaiweka sikioni.

Ingeishia pale kama Mama Ngassa asingekuwa mtu wa ng'ombe. Yule mama anajua kamba. Amekua anafunga ndama kwa kamba na kupima uwanja wa zizi kwa kamba.

"Issa. Nipe."

"Mama Ngassa, tuendelee na mikono kwanza. Mikono mirefu au mifupi?"

"Nimesema nipe."

Alipewa. Aliinyoosha kati ya mikono yake miwili palepale kwenye mwanga wa mlangoni, na sote tukaona. Fundo la kifua lilikuwa la kwanza. Uzi mwekundu, ambao kwenye kamba zile nyingine ulitangulia yote, kwenye hii ulikuwa umepita kifua na kukaribia kabisa nyonga.

"Leonia," aliniita bila kuinua sauti. "Mdogo wako ana miezi mingapi?"

Nilitamani kumjibu kwamba mama alikosea. Lakini namjua mama yangu. Mama anaweza kunyamaza mwaka mzima, ila hajui kudanganya kwenye kipimo. Alikuwa amelificha jambo hilo kwenye kila simu tuliyoongea, kisha akaliandika lote kwenye kamba na kulipandisha basi.

"Sijui, Mama," nilisema. "Ndiyo kwanza najua kama wewe."

"Na ameolewa?"

"Hajaolewa."

Aliikunja kamba, akaiweka juu ya meza kwa heshima, kana kwamba ni ya mtu aliyekuwapo. "Basi hatasimama. Si kwenye mstari ule, mbele ya padri, mbele ya watu ninaowaongoza kila Jumapili."

"Mama, Advera ni mdogo wangu wa tumbo moja."

"Namheshimu kwa hilo. Atakaa na wageni, atakula, atacheza. Lakini sikiliza, mwanangu. Watu wa Choma wananiuliza kila siku kwa nini kijana wangu ameacha nyumba zote za jirani, akavuka misitu kwenda kuoa kwa Warundi. Nimewajibu kwamba nimeridhika na adabu ya nyumba ile. Sasa unataka wakaione adabu hiyo ikitembea mbele ya bibi harusi?"

Nikamgeukia Ngassa. Nilimwomba kwa macho kitu kimoja tu, aseme neno. Hata "Mama, subiri" ingetosha.

Ngassa alishusha majora chini. Akajikuna shingo. "Labda," alisema, "labda mama naye ana hoja. Tutafute namna ambayo haitamuumiza mtu."

Niliichukua kamba ya Advera mezani, nikamwambia fundi asikate chochote, nikatoka.

Nilisimama ubavuni mwa duka, pale wanapoanika vitambaa vilivyoloweshwa, nikiwa na hasira. Ngassa alinifuata. Nilizijua hatua zake bila kugeuka, na hilo lilizidi kuniudhi, kwamba hata nikiwa nimemkasirikia namna ile moyo wangu bado unazitambua hatua zake.

"Leonia."

"Namna ambayo haitamuumiza mtu," nilisema. "Advera si mtu?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Basi nikwambie Advera ni nani, kwa sababu nadhani sijawahi kukwambia vizuri. Mwaka nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu baba alikuwa kitandani. Ilibidi mmoja wetu abaki shambani. Mimi ndiye mkubwa, ilinipasa nibaki mimi. Advera alikuwa na miaka kumi na sita. Alirudi kutoka shule, akavua sare, akaikunja, akaniambia: nenda wewe, dada, unasoma haraka kuliko mimi. Uongo. Alikuwa wa tatu darasani. Miaka miwili alikaushia tumbaku moshini, anakohoa, ili mimi nisome. Mwalimu unayemwoa, Ngassa, ametengenezwa na yule msichana."

Upepo ulikuwa ukipeperusha vitambaa kati yetu.

"Nilimwuliza anataka nini siku ya harusi yangu," niliendelea. "Hajawahi kuniomba kitu maishani. Aliomba rangi. Alisema, dada, mimi sijawahi kuvaa damu ya mzee, naona itanipendeza. Ndiyo sababu nimegombana na mama yako wiki nzima. Ulidhani mimi nina wazimu na rangi?"

"Ungeniambia."

"Nakwambia sasa. Na nisikilize vizuri, kwa sababu sitarudia. Pete sivui, kwa kuwa nakupenda, na nikiivua nitakuwa nadanganya. Lakini kanisani siingii bila Advera mbele yangu. Ng'ombe wenu wako kwa baba, wazima wote, mnaweza kuja kuwachukua. Mimi nimeshaamua. Bado wewe."

Kabla hajajibu nilipiga simu. Nilifungua sauti kubwa makusudi, asikie. Iliita mara nyingi, kisha ile sauti ninayoijua kuliko yangu ikapokea, huku nyuma kuku wakilia.

"Dada. Kamba zimefika?"

"Zimefika."

Alivuta pumzi ndefu. "Basi umeona."

"Advera, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeahirisha harusi yako uje kunilea. Nakujua." Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kulia. "Mwenzangu ni Anakleti, yule wa ng'ambo ya mto. Anajua. Yuko Usinge, kwenye asali, amesema akitoka porini atakuja kwa baba. Akija sawa, asipokuja nitalea. Siku mama ananipima nilimwomba aikaze kamba. Akakataa. Alisema kamba ikidanganya, gauni litapasuka kanisani."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili.

"Wamesemaje wakwe?" aliuliza.

Nikachelewa kujibu, na kuchelewa kule kukamjibu.

"Nitoe tu, dada. Sitakasirika. Nitakuja kukusaidia kuvaa, halafu nitakaa nyuma na mama."

"Nitakutoa siku nitakapojitoa mwenyewe."

"Shemeji yupo hapo?"

Ngassa aliisogelea simu. "Nipo, shemeji."

"Shikamoo, shemeji. Usigombane na mama yako kwa ajili yangu. Mama ni mmoja."

Kijana huyu nimemwona akizalisha ng'ombe usiku kucha bila kutetereka, lakini "shikamoo" ile ilimpiga mahali. Msichana aliyekuwa anaondolewa ndiye aliyemwombea amani mama aliyetaka kumwondoa.

"Marahaba, Advera," alisema, sauti imekwaruza. "Nikuulize. Damu ya mzee, unaitaka ya mikono mirefu au mifupi?"

"Mirefu," Advera alisema mwishowe. "Mikono yangu imeungua moshi."

"Utapata mirefu."

Simu ilipokatika hakunishika mkono. Alijua bado hajaurudishiwa. Alisema tu, "Nimekosea pale ndani. Nimemwogopa mama tangu nikiwa mtoto, nikafikiri kumwogopa ndiyo adabu." Kisha akageuka, akaingia dukani. Nikamfuata hadi mlangoni.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na cherehani, mkoba mapajani. Fundi Issa alikuwa anapanga vifungo vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Mama," Ngassa alisema. Hakukaa. "Sijawahi kukupinga, na leo nakupinga kwa heshima. Advera atasimama kwenye mstari. Akitoka yeye, Leonia anatoka. Leonia akitoka, mimi sina harusi, na bibi harusi mwingine usinitafutie. Watu wa Choma wakikuuliza, waambie nimekataa mimi. Nitalibeba mwenyewe."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

Mama Ngassa hakumtazama. Alinitazama mimi, pale mlangoni, na ile kamba bado ikiwa imezungushwa kwenye vidole vyangu. Nilijiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa nimeshayapanga na majibu yake.

"Wewe ungeondoka kweli?" aliniuliza. "Umwache mwanangu, na jinsi unavyomwangalia?"

"Ningeondoka, Mama. Ningelia njia nzima mpaka Ulyankulu, lakini ningeondoka."

Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Pale nje kulikuwa na mtu anauza karanga za kuchemsha, anaita wateja. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo kamba."

Nilisita. Ngassa akanitazama, nikampa. Aliinyoosha tena, sasa bila haraka. Alipitisha kidole gumba kwenye kila fundo, akasimama kwenye uzi mwekundu.

"Mama yako ni mwanamke shupavu," alisema. "Mimi mama yangu aliikaza."

Fundi Issa aliacha vifungo.

"Issa, ule mshono ulionishonea mimi baada ya kunipima upya, bado unaukumbuka?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alichukua muda, kama mtu aliyetunza kitu cha mwenzake miaka mingi na sasa mwenyewe amekuja kukidai. "Naukumbuka, Mama Ngassa. Unakatwa hapa chini ya kifua, halafu kitambaa kinaachiwa kishuke chenyewe. Marinda mbele, si pembeni. Ukisimama huoni kitu, ukitembea unaona kitambaa tu."

"Basi mshonee huyo binti. Krepu, mikono mirefu. Na hao wenzake wawili washonee vilevile, asiwe peke yake. Huo mkia wa samaki achana nao."

Picha ya harusi ya Mama Ngassa nimeiona mara nyingi, imetundikwa sebuleni Choma juu ya redio. Kila mgeni anaisifu. Gauni jeupe linaloshuka tangu kifuani, na shada kubwa la maua limeshikwa kwa mikono miwili, chini kidogo ya pale watu wanaposhikia maua. Nilikuwa nikidhani ndiyo mitindo ya wakati ule.

"Maua usimpe makubwa," aliendelea, akinirudishia kamba, na safari hii alikishika kiganja changu pamoja nayo. "Mimi nilipewa makubwa. Nilisimama misa nzima nimeyakaza hapa, mikono inakufa ganzi, sikusikia hata neno moja alilosema padri. Nilikuwa nawahesabu tu wanaonitazama. Mpaka leo nikiingia kanisani huwa naangalia kwanza nani ananiangalia." Akaminya kiganja changu. "Mwambie atembee mikono chini."

"Nitamwambia, Mama."

Ngassa alikuwa amesimama kama amepigiliwa. Alimtazama mama yake, akamtazama Fundi Issa, kisha nikaona vidole vya mkono wake wa kulia vikianza kujikunja kimoja kimoja, kuanzia mwezi wa harusi ya wazazi wake kwenda mbele. Agosti. Septemba. Oktoba. Kila mwaka tarehe nne Novemba mimi ndiye humtumia salamu za kwanza za siku ya kuzaliwa.

Mama yake naye aliviona.

"Acha kuhesabu, Ngassa," alisema, akiinuka na kujitengeneza kilemba. "Wewe ulitimiza miezi yako yote. Harusi ndiyo iliyochelewa."